Tumbo la Mtoto wa Nguruwe



Mara nyingi katika kurasa hizi walimu wenzangu huandika habari za masomo, za malezi na za mashamba. Leo naomba nafasi niandike habari za nguruwe. Najua wako watakaocheka, na wako majirani zetu ambao mnyama huyu si wa kwao, nao nawaheshimu. Lakini hapa Kikatiti nyumba nyingi zina banda la nguruwe nyuma ya jiko, na fedha za banda hilo ndizo zinunuazo daftari, dawa na mabati. Tena makosa niliyoyafanya bandani ni makosa ya mtu aliyesoma, kwa hiyo yafaa yaandikwe.

Kikatiti iko kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi. Ukitazama juu, upande wa Sakila, waona migomba na kahawa katika mteremko wa Mlima Meru. Ukitazama chini waona mashamba ya mahindi katika nchi iliyo kavu zaidi. Kwa hiyo vyakula vya wanga tunavyo: juu ndizi, chini mahindi, na kando ya barabara mashine za kusaga hutoa pumba kila siku. Hayo ndiyo yaliyonidanganya. Nalifikiri kwamba palipo na pumba nguruwe hawezi kukosa kukua.

Mwaka ule mdogo wangu wa mwisho, msichana, alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Baba yetu alikwisha kufariki, na mimi ndimi mkubwa wa nyumba. Nikamwambia, "Usihofu. Nguruwe wetu atazaa, na watoto wake wakitimiza wiki 10 tutawauza, tulipe ada ya kwanza." Akaniamini, maana mimi ni kaka yake, na tena ni mwalimu.

Nguruwe akazaa watoto 9. Mmoja alikuwa dhaifu, hawezi kushindania titi. Nikakoroga sukari katika maji ya vuguvugu, nikamnywesha kwa kijiko. Mke wangu akasema, "Mwalimu, mpeleke kwenye titi la mama yake, tumshikie mpaka anyonye." Nikamjibu ya kuwa sukari ni nguvu, na kwamba jambo hilo limeandikwa hata katika vitabu vya shule. Siku ya pili yule mdogo akaanza kuhara maji matupu; siku ya tatu akafa.

Wakabaki 8. Walipofika wiki ya tatu nikaanza kuwapa pumba za mahindi zilizotiwa maji baridi, pamoja na maganda mabichi ya ndizi. Wiki ya sita nikawaachisha kunyonya, wakaishi kwa chakula hicho peke yake. Matumbo yao yakawa makubwa kama ngoma, nami nikafurahi, nikidhani ni unono. Lakini migongo ilikuwa myembamba, manyoya yamesimama, na katika mavi yao naliona pumba zikitoka vile vile kama zilivyoingia. Tena walilia njaa na hali kihori kimejaa. Mke wangu alipika uji mara mbili akawapelekea. Nikamkataza, nikisema kwamba unga ni wa watu.

Katika wiki ya 10 mnunuzi akaja kutoka Usa River. Akamwinua mmoja kwa miguu ya nyuma, akamrudisha chini polepole, akauliza, "Mwalimu, hawa ni wa wiki ngapi?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hawa wamedumaa. Nikiwachukua nitawalisha mwaka mzima." Akachukua wawili tu, kwa bei isiyotosha hata nauli ya mdogo wangu na sanduku lake.

Mdogo wangu hakusema neno. Akaifunga barua ya chuo katika kitambaa, akairudisha kabatini, akakaa nyumbani mwaka mzima akimsaidia mama shambani. Kila asubuhi nilipopita kwenda shule nalimkuta na jembe begani, akaniambia, "Shikamoo, kaka," nami naliitikia nikitazama chini.

Basi nikaanza kuuliza na kusoma. Nalikwenda kwa bwana mifugo. Tena chuo cha mifugo cha Tengeru hakiko mbali nasi. Huko Morogoro nako, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wataalamu wamechunguza namna ya kulisha nguruwe kwa vyakula vya nchi yetu. Nitawaeleza kwa ufupi niliyoyafahamu.

Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne, na ndani yake vijidudu visivyohesabika humsaidia kuvunja majani. Nguruwe ana tumbo la chumba kimoja, kama letu. Wanga aulao hauna budi kuvunjwa na maji ya mwili wake mwenyewe, ambayo ndani yake mna vitu viitwavyo vimeng'enya, na kila aina ya chakula ina kimeng'enya chake. Mtoto wa nguruwe azaliwapo amejaliwa kimeng'enya cha sukari moja tu kwa wingi, nayo ni sukari ya maziwa, iitwayo laktosi. Katika maziwa ya mama yake laktosi ni kama sehemu 5 katika 100. Vimeng'enya vya kuvunja sukari ya dukani na wanga wa nafaka ni vichache mno siku zile za kwanza; huongezeka kidogo kidogo wiki kwa wiki, na kile cha laktosi hupungua.

Mwaka 1954 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, huko Marekani, walichapisha habari za watoto wachanga wa nguruwe waliolishwa maziwa ya kutengenezwa, kila kundi kwa sukari ya namna yake. Waliopewa laktosi au glukosi waliendelea vyema. Waliopewa sukari ya miwa katika siku za kwanza walihara, wakakonda, na wengine wakafa. Niliposoma hayo nikakumbuka kijiko changu. Sukari ile haikuvunjwa. Ilipita mpaka utumbo wa chini, ikavuta maji ya mwili, na yule mdogo akakauka. Jambo lile lililofanywa kwa huruma ndilo lililomwua, na mke wangu alikuwa na haki kwa habari ya titi.

Pumba nazo zina sababu yake. Pumba ni ganda la punje, na ndani yake mna nyuzinyuzi nyingi. Nguruwe mkubwa, hasa jike aliyekwisha kuzaa, ana utumbo mrefu wa chini ambamo vijidudu huchachusha nyuzinyuzi hizo, akapata nguvu kidogo. Mtoto hana utumbo wa namna hiyo bado. Tumbo lake ni dogo. Likijazwa pumba halina nafasi ya kitu kingine, naye hushiba asipate kitu. Maganda mabichi ya ndizi ni vivyo hivyo, na wanga wa ndizi mbichi ni mgumu kuvunjika mpaka upikwe au ndizi iive. Maana wanga mbichi umefungwa katika chembe ngumu. Ukichemshwa katika maji chembe hizo huvimba na kupasuka, ndiyo sababu uji huwa mzito, na ndipo vimeng'enya vichache vya mtoto hupata pa kuingilia.

Wasomaji watakumbuka mfano wa mwana mpotevu, aliyetamani maganda waliyokula nguruwe. Wengi katika wanaochunguza Maandiko hudhani ya kuwa yale yalikuwa matunda ya mti uitwao karobu, uotao katika nchi zile, na matunda hayo yana sukari nyingi. Nguruwe mkubwa aweza kunenepa kwayo. Mimi naliwapa watoto wachanga maganda yasiyo na hata sukari.

Nguruwe jike alipozaa mara ya pili, nalitaka kuona kwa macho. Walikuwa watoto 10. Walipoachishwa kunyonya nikawagawa makundi mawili. Watano nikawapa pumba kama kwanza. Watano mke wangu akawapikia uji wa dona akatia dagaa waliosagwa. Hakupenda kugawa. Aliniuliza, "Hawa watano wa pumba wamekosa nini?" Sikuwa na jibu zuri. Kila Jumamosi wanafunzi wangu wa darasa la sita walikuja na mizani ya kuning'iniza ya mfanya biashara wa mahindi, wakamtia kila mtoto katika kiroba, wakapima, wakaandika. Baada ya wiki 4 wale wa uji waliwazidi wenzao kwa karibu kilo 4 kila mmoja.

Nikasimama darasani kwa fahari, nikachora hesabu ubaoni, nikasema, "Mmeona? Wanga uliopikwa umeshinda pumba." Ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma akainua mkono. "Samahani, mwalimu. Dagaa ulitia katika vihori vyote viwili?"

Sikuwa nimetia. Darasa likanyamaza. Nalikuwa nimebadili mambo mawili kwa mara moja, kisha nikalisifu moja. Nikamwambia, "Umesema kweli, mwanangu, kaa kitako," nami nikafuta ubao.

Kwa uzao wa tatu nikatia dagaa kwa vipimo sawasawa katika vihori vyote viwili, kimoja cha uji na kimoja cha pumba. Safari hii wale wa uji waliwazidi wenzao tena, lakini kwa kilo 1 na nusu tu. Basi nikaona kwamba sehemu kubwa ya tofauti ile ya kwanza ilitoka kwa dagaa, na sehemu ndogo, ambayo hata hivyo si ya kudharau, ilitoka kwa wanga wenyewe. Tena walipopita miezi minne, wale wa pumba wakaanza kukua vizuri kwa pumba zile zile zilizowashinda walipokuwa wadogo. Nguruwe wachache wa banda moja hawatoshi kuthibitisha jambo, na bado yule msichana angeweza kuniuliza kama ni kupikwa kulikofaa au ni kutokuwa na ganda. Lakini niliyoyaona hayapingani na waliyoyakuta wataalamu.

Yafaa nieleze sababu ya dagaa, maana hapo ndipo wengi tunapopotea. Wanga ni kama kuni: hutoa nguvu na joto. Lakini nyama, mifupa na damu haviwezi kujengwa kwa kuni. Hujengwa kwa protini. Mahindi yana protini kama sehemu 9 katika 100, na mihogo mikavu 2 au 3 tu. Mtoto wa nguruwe aliyetoka kuachishwa kunyonya ataka karibu sehemu 18 au zaidi. Tena protini ya mahindi ina upungufu wa kitu kiitwacho laisini, ambacho mwili wa mtoto hauwezi kujitengenezea. Kwa sababu hiyo aliyelishwa wanga peke yake, hata ukiwa umepikwa vizuri, hugeuza wanga uliozidi kuwa mafuta. Mmoja wa wale waliodumaa nalimfuga mpaka Krismasi ya mwaka uliofuata, nikamlisha vizuri kwa toba. Alinenepa, lakini kwa mafuta. Urefu wa wenzake hakuupata kamwe.

Mwaka 1964 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza kwamba wamepata mahindi ya namna ya pekee yenye laisini nyingi kuliko mahindi ya kawaida. Wengine waliendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 2000 Surinder Vasal na Evangelina Villegas walipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa ajili yake. Nguruwe wadogo waliolishwa mahindi hayo walikua upesi kuliko wenzao wa mahindi ya kawaida. Hapa kwetu kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, kilitoa mbegu za namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikaitwa Lishe. Kwa hiyo nafaka mbili zaweza kuonekana sawa machoni, zikawa na wanga sawa, na hali moja hukuza zaidi ya nyingine.

Sasa nitaje machache kwa mwenye kutaka kufuga.

Kwanza, mtoto mchanga chakula chake ni maziwa ya mama, hasa yale ya siku ya kwanza. Aliye dhaifu ashikiwe titi, au mama akamuliwe. Usimpe maji ya sukari. Mama naye alishwe vizuri, maana maziwa hayatoki hewani.

Pili, tangu wiki ya tatu umwonjeshe uji mwepesi wa dona, kidogo kidogo, na kihori kisafishwe kila siku. Aachishwe kunyonya polepole, wala asibadilishiwe chakula kwa ghafula.

Tatu, baada ya kuachishwa, katika kila kilo 20 za chakula tia dona kilo 13, soya iliyokaangwa pasipo mafuta na kusagwa kilo 4, na dagaa waliosagwa kilo 2. Kilo 1 iliyobaki iwe pumba laini pamoja na unga wa mifupa na chumvi kidogo. Soya mbichi isitumiwe, kwa kuwa ina kitu kizuiacho protini isivunjwe. Viazi vitamu vibichi vina kitu kama hicho, navyo vichemshwe.

Nne, mihogo ni wanga mwema, lakini ile michungu ina sumu. Imenywe, ilowekwe na kukaushwa kabla ya kulishwa. Tena imwongezee mnyama protini zaidi ya ile ya mahindi, kwa kuwa yenyewe haina kitu. Ndizi zilizoiva zafaa kwa waliokua kidogo, mbichi zipikwe.

Tano, pumba, maganda ya ndizi na machicha ya pombe viwekwe kwa ajili ya wakubwa, tena kwa kiasi. Pumba zenye ukungu zitupwe, kwa maana zina sumukuvu. Na mabaki ya jikoni yachemshwe vizuri, kwa sababu yaweza kuleta homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina dawa.

Mtu ataniuliza, "Mwalimu, dona na dagaa ni ghali, mwenye shida atavipata wapi?" Swali hilo ni la haki. Naliweka hesabu nikaona kwamba chakula hiki chema hutakiwa kwa wiki chache tu, tena mtoto hula kidogo siku zile. Mfuko mmoja wakati ule hufanya kazi ambayo magunia ya baadaye hayawezi kuifanya. Asiyeweza kuwalisha 10, na awauze mapema wengine, akawalishe vema waliobaki.

Neno la mwisho si la nguruwe. Nalisema kwamba tumbo la nguruwe ni kama letu. Siku moja nikiwa nimesimama mlangoni mwa darasa la kwanza, nikaona watoto wawili wa umri mmoja, mmoja amemzidi mwenzake kichwa kizima. Nalijua nyumba zote mbili. Katika nyumba zote mbili watoto hushiba. Lakini katika moja uji ni wa sembe tupu asubuhi na jioni, na katika nyingine hutiwa maziwa, au hufuatwa na maharage. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, kama 30 wamedumaa. Yule mama wa sembe tupu si mvivu wala hana upendo mchache; yeye huona sufuria imekuwa tupu na mtoto amelala, naye hushukuru. Hata mimi nalifurahia matumbo yaliyojaa. Nalikwenda kumwona, nikaanza kwa kumsimulia habari za nguruwe zangu na aibu yangu mbele ya mnunuzi, akacheka sana. Baada ya kucheka akaniuliza kipimo cha maharage.

Mdogo wangu alikwenda chuoni mwaka uliofuata, kwa fedha za uzao wa pili na mkopo kidogo wa kikundi. Siku ya safari nalitaka kumwomba radhi kwa mwaka ule aliopoteza, lakini basi likafika kabla sijapata maneno. Ndiyo sababu nimeyaandika hapa, ambapo naye husoma.

Mwenye kujua zaidi kuliko mimi, na atuandikie.

Ni mimi,
Mwalimu wa Kikatiti